Saratani ya tezi dume na mimea ya mezani: yanayojulikana kuhusu nyanya, chai na mboga za Rungwe

Barabara iendayo Tukuyu kutoka Uyole, nje kidogo ya katikati ya Jiji la Mbeya, hupita katika moja ya maeneo yapatayo mvua nyingi zaidi nchini. Baada ya Kiwira, migomba husogea hadi karibu na lami, mashamba ya chai hufunika miteremko na miti ya parachichi huonekana karibu na nyumba za wananchi. Sokoni hupatikana nyanya, vitunguu, kabichi, chainizi, maharage, magimbi na ndizi za kila namna. Ni nadra kupata wilaya ambayo wakazi wake wako jirani kiasi hicho na mimea ambayo wanasayansi wa nchi mbalimbali wameichunguza kwa zaidi ya miaka 30 wakiuliza swali moja: je, chakula kitokacho shambani kinaweza kumkinga mwanamume dhidi ya saratani ya tezi dume?

Swali hilo lina uzito wake. Kwa mujibu wa makadirio ya Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani, ulio chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2022 wanaume wapatao milioni 1.47 duniani waligunduliwa kuwa na saratani hiyo, na takriban 397,000 walifariki dunia. Katika nchi nyingi za Afrika zilizo kusini mwa Jangwa la Sahara, Tanzania ikiwemo, ndiyo saratani inayoongoza kwa wanaume. Jopo la wataalamu lililoandaliwa na jarida la kitabibu la The Lancet lilikadiria mwaka 2024 kwamba idadi ya wagonjwa wapya kwa mwaka, iliyokuwa milioni 1.4 mwaka 2020, itafikia milioni 2.9 mwaka 2040, na kwamba ongezeko kubwa litakuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Jibu la sayansi hadi sasa lina sehemu mbili ambazo hazipaswi kutenganishwa. Mlo wenye mboga, matunda na jamii ya kunde ni mlo bora kwa mwanamume, na zipo dalili kwamba baadhi ya viambata vilivyomo vinaweza kuchangia katika kinga. Hata hivyo, hakuna kiambata hata kimoja cha mmea, kiwe ndani ya chakula au ndani ya kidonge, ambacho kimethibitishwa kwa majaribio makubwa ya kitabibu kuwa kinazuia saratani ya tezi dume. Anayeuza unga, mafuta au kidonge kwa madai ya kuikinga au kuitibu anauza kitu ambacho utafiti haujakipata.

Tezi dume ni kiungo kidogo kilicho chini ya kibofu cha mkojo, kikizunguka mwanzo wa mrija utoao mkojo nje. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu za kiume. Kwa kadiri mwanamume anavyozeeka, tezi hiyo huweza kutanuka bila saratani yoyote na kuubana mrija. Hali hiyo ni ya kawaida sana kwa wazee. Saratani ni jambo jingine: seli za tezi hupoteza utaratibu wake, huzaliana bila kikomo na baadaye huweza kusambaa, hasa kwenye mifupa. Umri mkubwa, historia ya ugonjwa katika familia na asili ya Kiafrika ndiyo mambo makuu yanayojulikana kuongeza hatari. Hakuna hata moja kati ya hayo matatu ambalo mtu anaweza kulibadilisha, na huenda ndiyo sababu macho ya wengi yameelekezwa kwenye sahani.

Dhana kwamba chakula kina nafasi katika jambo hili haikutoka hewani. Kwa miongo mingi saratani ya tezi dume ilikuwa nadra katika takwimu za Japani na China kulinganisha na Marekani. Wajapani waliohamia Hawaii na California walipata ugonjwa huo kwa kiwango kikubwa kuliko ndugu zao waliobaki nyumbani, ingawa asili yao ya damu ilikuwa ileile. Katika Afrika Mashariki, daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda kwa miaka mingi, aliivutia dunia kwa hoja kwamba chakula cha Waafrika wa vijijini, chenye nyuzinyuzi nyingi, kinawaepusha na maradhi mengi yaliyowasumbua Wazungu. Kutokana na fikra za namna hiyo wapo walioamini kwamba saratani hii si ugonjwa wa Mwafrika anayekula ndizi na maharage.

Takwimu za baadaye hazikuiunga mkono imani hiyo. Rejesta ya saratani ya Kampala, mojawapo ya kongwe barani, ilionesha kwamba kati ya mwaka 1991 na 2010 idadi ya wagonjwa wa saratani ya tezi dume kulingana na idadi ya wanaume ilipanda kwa takriban asilimia 5 kila mwaka. Sehemu ya ongezeko hilo yaweza kuwa imetokana na vipimo kupatikana kwa urahisi zaidi na watu kuishi muda mrefu zaidi. Lakini Kampala ni mji wa matoke, na matoke hayakuufukuza ugonjwa.

Nyanya

Hakuna zao lililochunguzwa kwa muda mrefu kuhusiana na tezi dume kama nyanya. Wekundu wake hutokana na kiambata kiitwacho likopeni, ambacho pia kimo kwenye tikitimaji na mapera ya rangi ya waridi. Likopeni hupunguza nguvu ya chembe za oksijeni zisizotulia, ambazo huweza kuharibu vinasaba vya seli, na imebainika kwamba hujikusanya kwenye tezi dume.

Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanaume zaidi ya 47,000 waliofanya kazi katika sekta ya afya. Waliokula vyakula vya nyanya zaidi ya mara 10 kwa wiki walikuwa na hatari ndogo ya kupata saratani ya tezi dume, kwa takriban asilimia 35, kuliko waliokula chini ya mara moja na nusu. Habari hiyo ilienea dunia nzima, na viwanda vya vidonge havikuchelewa kuitumia.

Tafiti zilizofuata ziliyumba. Baadhi zilipata nafuu ndogo, nyingine hazikupata chochote. Mwaka 2007 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipitia ushahidi wote uliokuwepo na kuhitimisha kwamba hakukuwa na ushahidi wa kuaminika wa kuruhusu likopeni kutangazwa kuwa kinga ya saratani hiyo. Mwaka huohuo Mfuko wa Dunia wa Utafiti wa Saratani ulisema vyakula vyenye likopeni "yamkini" vinakinga. Mwaka 2014, baada ya kupitia tafiti mpya, mfuko huo uliishusha daraja kauli yake na kusema ushahidi uliopo hautoshi kufikia hitimisho. Msomaji aliyesikia ile ya kwanza pekee hana kosa, lakini amebaki na habari ya zamani.

Kwa nini matokeo yapishane hivyo? Sababu zipo kadhaa, na kuzifahamu humsaidia mwananchi kupima kila tangazo la lishe analokutana nalo. Saratani ya tezi dume huchukua miaka mingi kukua, pengine zaidi ya 20, na hakuna utafiti unaoweza kuwa na hakika na alichokula mtu kwa muda wote huo. Mara nyingi watafiti hutegemea kumbukumbu ya mhusika. Pia, mtu apendaye mboga mara nyingi ndiye asiyevuta sigara, afanyaye mazoezi na aendaye hospitali mapema, hivyo ni vigumu kujua ni kipi kati ya hayo kilichomsaidia. Halafu ipo tofauti kati ya maabara na mwili. Kiambata kinapomiminwa moja kwa moja juu ya seli za saratani kwenye kisahani cha kioo, huweza kuziua. Lakini kiasi hicho mara nyingi ni kikubwa mara nyingi kuliko kile kinachoweza kuingia kwenye damu ya mtu kupitia mlo. Habari nyingi za "mmea uuao saratani" hutoka kwenye kisahani hicho na haziendi mbali zaidi.

Palipo na hakika zaidi ni jikoni. Likopeni iliyomo ndani ya nyanya mbichi imefungwa ndani ya kuta za seli za tunda, na mwili huichukua kwa kiasi kidogo. Nyanya inapopikwa, kuta hizo huvunjika. Na kwa kuwa likopeni huyeyuka kwenye mafuta wala si kwenye maji, hufyonzwa vizuri inapoliwa pamoja na mafuta kidogo. Hapa Rungwe ina bahati yake: mwaka 2005 watafiti wa Marekani waliwapa watu 11 kachumbari ya nyanya, mara nyingine ikiwa na parachichi na mara nyingine bila parachichi. Parachichi lilipoongezwa, mwili ulifyonza likopeni zaidi ya mara nne. Utafiti huo ulikuwa mdogo na haukupima saratani, ila unaonesha kwamba mchuzi wa nyanya au kachumbari yenye parachichi, chakula ambacho mkazi wa Tukuyu hahitaji kukiagiza kutoka mbali, humpa mwili zaidi ya nyanya peke yake.

Kuhusu parachichi lenyewe, mwaka 2005 pia, maabara ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ilionesha kwamba mchanganyiko uliokamuliwa kutoka kwenye tunda hilo ulizuia ukuaji wa seli za saratani ya tezi dume. Ni matokeo ya kisahani cha kioo, na yachukuliwe hivyo.

Chai

Chai ilipandwa Kyimbila, karibu na Tukuyu, mwaka 1904 wakati wa utawala wa Wajerumani, na tangu kilimo cha biashara kilipoanza miaka ya 1920 imekuwa mojawapo ya nguzo za uchumi wa wilaya. Ni zao la wakulima wadogo pamoja na mashamba makubwa. Jani lake lina kundi la viambata viitwavyo katekini, na hivyo ndivyo vilivyowavutia watafiti wa saratani.

Karibu habari zote njema kuhusu chai na tezi dume, hata hivyo, zinahusu chai ya kijani. Chai ya kijani na chai nyeusi hutoka kwenye mmea mmoja. Tofauti iko kiwandani. Jani la chai ya kijani hupashwa joto mara baada ya kuchumwa ili lisibadilike. Jani la chai nyeusi husagwa na kuachwa lipate hewa hadi ligeuke rangi, na katika hatua hiyo sehemu kubwa ya katekini hugeuka kuwa viambata vingine, ambavyo ndivyo huipa chai rangi na ukali wake. Sehemu kubwa ya chai isindikwayo Rungwe ni nyeusi. Kwa hiyo mtu hawezi kuchukua matokeo ya Japani na kuyaweka moja kwa moja kwenye kikombe cha chai ya maziwa ya Tukuyu.

Matokeo yenyewe ni haya. Nchini Japani, wanaume 49,920 wenye umri wa miaka 40 hadi 69 walifuatiliwa kwa zaidi ya miaka 10. Waliokunywa vikombe 5 au zaidi vya chai ya kijani kwa siku walikuwa na hatari ndogo, karibu kwa nusu, ya kupata saratani ya tezi dume iliyokwisha kusambaa, kulinganisha na waliokunywa chini ya kikombe kimoja. Kwa saratani iliyobaki ndani ya tezi, hapakuwa na tofauti.

Nchini Italia, mwaka 2006, wanaume 60 waliokuwa na mabadiliko ya seli yanayoweza kutangulia saratani waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu walipewa vidonge vya katekini, nusu vidonge visivyo na dawa. Baada ya mwaka mmoja, mtu 1 kati ya 30 wa kundi la katekini alikuwa na saratani, dhidi ya 9 kati ya 30 wa kundi jingine. Yalikuwa matokeo ya kustaajabisha. Wamarekani walipofanya jaribio linalofanana na hilo kwa wanaume 97 na kutangaza matokeo mwaka 2015, tofauti ilipungua: 5 kati ya 49 dhidi ya 9 kati ya 48, pengo ambalo kitakwimu lingeweza kutokea kwa bahati tu.

Aidha, vidonge vya chai vina hatari ambayo kikombe hakina. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilieleza mwaka 2018 kwamba katekini kuu ya chai ya kijani, ikitumiwa kama kidonge cha lishe kwa kiasi cha miligramu 800 au zaidi kwa siku, huhusishwa na dalili za kuumia kwa ini. Chai inayonywewa kwa kawaida haikuonekana kuleta tatizo hilo.

Kabichi, vitunguu na soya

Kabichi, chainizi, sukuma wiki na figili ni za ukoo mmoja. Zinapokatwa au kutafunwa hutoa viambata vyenye harufu kali ambavyo husaidia mwili kuvunja na kuondoa baadhi ya kemikali ziletazo saratani. Utafiti uliofanyika Seattle, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2000 uliona kwamba wanaume waliokula mboga za ukoo huo mara 3 au zaidi kwa wiki walikuwa na hatari ndogo kuliko waliokula chini ya mara moja, lakini tafiti nyingine hazikukubaliana zote. Kimeng'enya kinachotengeneza viambata hivyo hufa kwa moto mwingi. Kabichi iliyochemshwa hadi ikapoteza rangi, kisha maji yake yakamwagwa, imepoteza sehemu kubwa ya kile kilichotafutwa. Kukata, kuacha dakika chache na kupika kwa muda mfupi ni bora zaidi. Vitunguu maji na vitunguu saumu navyo vina viambata vya salfa. Utafiti wa Shanghai wa mwaka 2002 ulivihusisha na hatari ndogo ya ugonjwa, ingawa ulitegemea kumbukumbu za watu walioulizwa wakiwa tayari wagonjwa.

Soya hutajwa sana kwa sababu ya Asia. Ina isoflavoni, viambata ambavyo kwa umbo vinafanana kiasi na homoni ya kike, na saratani ya tezi dume hustawi kwa homoni ya kiume. Hoja hiyo inaeleweka. Jaribio lililochapishwa mwaka 2013, ambamo wanaume 177 waliokwisha kuondolewa tezi dume walipewa unga wa protini ya soya au unga mwingine kila siku kwa muda wa hadi miaka 2, halikupata tofauti yoyote katika kurejea kwa ugonjwa. Unga wa soya katika uji wa familia una faida zake za protini, na hizo zinatosha kuutetea.

Pale kidonge kilipodhuru

Fundisho kubwa kuliko yote katika uwanja huu lilipatikana kwa gharama kubwa. Vitamini E imo kwa wingi kwenye mbegu na mafuta ya mimea kama alizeti. Nchini Finland, wavutaji sigara 29,133 walipewa vitamini E, betakarotini au vidonge visivyo na dawa. Betakarotini, kiambata kilekile kinachoipa karoti rangi yake, kiliongeza saratani ya mapafu kwa asilimia 18 miongoni mwa wavutaji hao. Matokeo yalitangazwa mwaka 1994. Vitamini E kwa upande wake ilionekana kupunguza saratani ya tezi dume kwa takriban theluthi moja.

Kwa matumaini hayo, mwaka 2001 Marekani na Kanada zilianzisha jaribio kubwa la wanaume zaidi ya 35,000 ili kupima vitamini E na madini ya seleni. Mwaka 2008 lilisimamishwa kabla ya wakati kwa kuwa hakuna faida iliyoonekana. Mwaka 2011, baada ya kuendelea kuwafuatilia washiriki, ilibainika kwamba waliotumia vitamini E pekee walipata saratani ya tezi dume zaidi ya wenzao kwa asilimia 17. Watu wenye afya walikuwa wamemeza kidonge cha kujikinga, na kidonge kikawaongezea ugonjwa. Dozi iliyotumika ilikuwa kubwa mara nyingi kuliko ile ipatikanayo kwenye mlo wa kawaida. Hakuna aliyedhurika kwa kula mbegu za alizeti.

Yapo pia majaribio yaliyotumia mboga zenyewe badala ya vidonge. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya wanaume 478 wa Marekani waliokuwa na saratani ya hatua ya mwanzo iliyokuwa ikiangaliwa kwa karibu bila kutibiwa. Nusu walishauriwa kwa simu kula mboga mara 7 au zaidi kwa siku, nao kweli waliongeza ulaji wao. Katika miaka 2, ugonjwa uliendelea kwa kasi ileile katika makundi yote mawili. Hilo halimaanishi kwamba mboga hazina kazi kabla ya ugonjwa kuanza. Linamaanisha kwamba aliyekwisha kugundulika asiache matibabu au ufuatiliaji kwa matumaini ya kujitibu kwa mlo.

Magome na dawa za asili

Katika misitu ya milima ya Afrika Mashariki hukua mti ujulikanao kitaalamu kama Prunus africana. Dawa itokanayo na magome yake ilisajiliwa kwa hakimiliki Ulaya miaka ya 1960 na imeuzwa huko kwa wanaume wenye tezi iliyotanuka. Mapitio ya majaribio 18 yaliyohusisha wanaume 1,562, yaliyochapishwa mwaka 2002, yalionesha kwamba hupunguza kwa kiasi usumbufu wa kukojoa. Uvunaji wa kuchuna gome lote umeua miti mingi, na tangu mwaka 1995 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa chini ya mkataba wa CITES.

Majaribio hayo yalihusu kutanuka kwa tezi kusiko saratani. Jambo hili huchanganywa mara kwa mara, na madhara yake ni ya moja kwa moja. Mzee anayeamka mara nne usiku kwenda haja ndogo akapewa dawa ya magome na kupata nafuu, huamini kwamba amepona. Ikiwa chanzo kilikuwa saratani, nafuu hiyo huupa ugonjwa muda wa kufika kwenye mifupa. Chini ya Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, waganga na dawa za asili husajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Mwananchi anayo haki ya kumuuliza muuzaji wa dawa ya aina hiyo kuhusu usajili wake, na kuulizia pia dawa inatibu nini hasa.

Uzito, maziwa na sahani ya kila siku

Ushahidi ulio imara zaidi kuhusu chakula na saratani hii hauhusu kiambata chochote, unahusu unene. Mfuko wa Dunia wa Utafiti wa Saratani ulihitimisha mwaka 2014 kwamba mafuta mengi mwilini huongeza hatari ya saratani ya tezi dume iliyofikia hatua mbaya. Kwa maana hiyo mboga, matunda na maharage yana kazi hata kama likopeni haitathibitishwa kamwe, kwa kuwa humshibisha mtu bila kumnenepesha. WHO inapendekeza angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Mbalaga, pishi la ndizi la Wanyakyusa, likipikwa na maharage bila mafuta kupita kiasi na kusindikizwa na mboga za majani na parachichi, halihitaji marekebisho makubwa. Tatizo liko zaidi kwenye chipsi za jioni, soda na pombe.

Mfuko huohuo ulitaja dalili, ambazo wenyewe uliziita zenye ukomo, kwamba ulaji mkubwa wa maziwa na mazao yake huenda ukaongeza hatari. Rungwe ni wilaya ya ng'ombe wa maziwa, hivyo taarifa hiyo inaweza kuzua hofu. Tafiti hizo zimefanyika zaidi katika nchi ambazo watu hunywa maziwa mengi kuliko kawaida ya Watanzania walio wengi, na hazitoshi kumfanya mtu aache kikombe chake.

Kipimo

Saratani ya tezi dume katika hatua za mwanzo mara nyingi haina dalili yoyote. Dalili zinapojitokeza ni pamoja na mkojo kutoka kwa shida au kwa kukatika, kwenda haja ndogo mara nyingi usiku, damu kwenye mkojo au mbegu za kiume, na katika hatua za mbele maumivu ya mgongo na nyonga. Hakuna mlo unaoweza kutofautisha dalili hizo na zile za tezi iliyotanuka. Vipimo hufanya hivyo.

Uchunguzi huanza kwa kipimo cha damu cha PSA, protini inayotengenezwa na tezi dume. Kiwango kikiwa juu si uthibitisho wa saratani, kwa kuwa kutanuka kwa tezi na maambukizi pia hukipandisha. Daktari huweza kuongeza kipimo cha kidole kupitia njia ya haja kubwa, ambacho huchukua muda mfupi na ambacho maneno ya vijiweni yamekikuza kupita kiasi. Kinachothibitisha ugonjwa ni kinyama kidogo kinachochukuliwa kwenye tezi na kuchunguzwa kwa darubini. Kwa kawaida wanaume hushauriwa kuzungumza na daktari kuhusu uchunguzi wafikapo miaka 50, na mapema zaidi, kati ya miaka 40 na 45, kwa mwenye baba au kaka aliyeugua. Kipimo kina faida na usumbufu wake, kwa sababu baadhi ya saratani zinazogunduliwa hukua polepole mno na zisingemdhuru mgonjwa. Ni vyema hilo likajadiliwa kabla ya kutoa damu.

Mkazi wa Rungwe huanzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, kisha Hospitali ya Wilaya ya Makandana iliyopo Tukuyu, na anayehitaji uchunguzi zaidi hupewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, takriban kilomita 70. Tiba ya mionzi hutolewa katika vituo vichache nchini, vikiwemo Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam na Hospitali ya Kanda ya Bugando jijini Mwanza. Safari ya Dar es Salaam kutoka Tukuyu ni kama kilomita 900, na mgonjwa aliyegundulika mapema huisafiri akiwa na nguvu zake. Ugonjwa ukiwa bado ndani ya tezi, upasuaji au mionzi huweza kuuondoa kabisa. Ukishafika kwenye mifupa, matibabu ya homoni huudhibiti kwa muda na kupunguza maumivu.

Mwanamume ambaye baba yake au kaka yake ameugua ana hatari ya takriban mara mbili ya wengine. Taarifa hiyo mara nyingi hufichwa nyumbani kwa aibu, na mzee huzikwa ikisemwa tu kwamba alisumbuliwa na mkojo au mgongo. Watoto wake wa kiume wakiambiwa ugonjwa kwa jina lake, daktari wa Makandana ataweza kuwapangia kipimo miaka kadhaa kabla ya wenzao wa rika moja.